Hali: Nzuri

Faili haina majina. Wameyatoa kwa heshima.
Umebaki umri, mtaa, saa, kiungo, chanzo.

Mwanamke, 34, Mtopanga. Uso na shingo. Ajali ya jikoni.
Mwanamke, 19, Magongo. Mkono wa kulia. Ajali ya jikoni.
Mtoto wa kiume, 4, Likoni. Kifua. Uzembe wa mzazi.

Nani aliandika uzembe?

Nilikuwa karani wa kuhesabu bandarini,
miaka ishirini na sita, kalamu sikioni.
Udaktari siujui. Najua safu na mistari,
najua namba inavyojificha nyuma ya namba
kama gunia lililopasuka likipangwa chini ya mazima.
Dada yangu Mwanakheri aliporudi nyumbani
na shingo iliyokunjamana kama karatasi iliyonyeshewa,
akasema, "Ni mimi. Nilikuwa na haraka ya kufuturisha,"
nilinyamaza, nikaenda kuomba faili.
Ni ya umma, walisema.
Haya, na mimi ni umma.

Kalume, kijana wa saiba pale Kongowea,
akanionyesha namna ya kuchuja.
Mafuta ya taa, nje. Chai, nje. Moto wa makaa, nje.
Ukabaki mvuke.
Mvuke mia moja na kumi na mbili.

Nikasema: ni Ramadhani. Mbaazi hazijaiva
na mwadhini keshaanza kukohoa kwenye kipaza sauti.
Haraka haina baraka, tumeambiwa tangu utoto.
Lakini mfungo mosi ukaingia na mvuke wake,
na Changamwe, ambako pure huchemshwa Jumapili
baada ya ibada, bila kukimbizana na mtu,
nako vifuniko viliruka.
Methali nayo ina mshitakiwa wake wa siku zote.

Safu ya maelezo wengi huiacha wazi.
Ila usiku wa Alhamisi kuna mtu, simjui,
ni herufi mbili tu, M.K.,
anayeandika kama anayezungumza:
"Sufuria ya presha, kifuniko chekundu. Aliifunga, anaapa."
"Kifuniko chekundu. Kitasa kimekatika. Ameleta kipande kwenye leso."
"Chekundu tena."

Chekundu tena. Nilisimama, nikaenda dirishani, nikarudi.
Alhamisi: mvuke kumi na saba, vyekundu kumi na vinne.
Siku sita nyingine za wiki
sufuria za Mombasa hazikuwa na rangi.

Kalume akauliza swali la mwenye akili:
"Labda nyekundu ndizo zilizouzwa kwa wingi.
Aliyepika salama haendi hospitali kuandikwa."
Kweli. Nilihitaji kujua ziliingia ngapi.

Na hapo, Mungu anisamehe, nilijua pa kutazama.
Madaftari yangu yamo kwenye sanduku la bati chini ya kitanda,
pale ambapo wenzangu huweka picha za harusi.
Mwaka wangu wa mwisho kazini. Shedi, tarehe, doa la jasho.
Sufuria za presha, vifuniko vyeusi: makasha 1,360.
Vifuniko vyekundu: makasha 340.
Na pembeni, kwa ule mwandiko niliosifiwa,
hali: nzuri.

Hali ya makasha, ndiyo. Hayakulowa, hayakupasuka.
Kitasa hakuna aliyeniuliza,
nami sikufungua.

Barua imekwenda ofisi ya viwango, kurasa mbili na jedwali.
Wamegonga muhuri wa kupokea.

Jana nimemsomea dada mstari wa 1,207.
Mwanamke, 41, Majengo. Shingo. Chanzo: haraka.
"Huyo ni mimi?"
"Ni wewe."
"Nilisema mwenyewe." Kisha: "Kifute."
Siwezi, nikamwambia, faili si yangu.
"Basi lako."

Akanipa kalamu. Daftari lilikuwa wazi mapajani mwangu.
Akakaa kitako akingoja, kanga imeshuka begani,
shingo yote nje.